Kitako cha Gorogoro

Jebet alikuwa mtu wa kutia mkono ndani ya mkebe. Akienda kununua maharagwe kwa muuzaji mwenzake, kabla hata ya salamu kuisha, aliichukua gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, akaingiza mkono hadi chini na kupapasa kitako. Alijua mchezo. Mtu hukigonga kitako kwa nyundo kikaingia ndani. Machoni mkebe ni uleule, lakini mnunuzi anarudi nyumbani bila vikombe viwili vya mahindi yake. Wenye vibanda walimchukia kwa hilo, na wateja wakampenda. Kwenye kibanda chake cha mahindi, Lanet nje ya Nakuru, kando ya barabara ya Nairobi, gorogoro ilijazwa mpaka ikafanya kilima, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kuipapasa. Jina hilo la uaminifu ndilo lililokuwa mtaji wake.

Aliwashuku wote: madereva wa malori, mapasta wenye magari mapya, na kuliko wote, wanasiasa. Nami simlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata benki iliyomkopesha pesa za kujenga stoo aliishuku, ila barua zake zilikuwa za Kiingereza kirefu, akamwachia binti yake Chemutai azisome na kulipa kila mwezi. Chemutai ndiye aliyeuza kibandani siku hizi, mama akizunguka mashambani kutafuta mahindi. Huyo hakumshuku. Utamshukuje mtoto uliyemzaa?

Jumamosi moja Mheshimiwa Makhanu, mbunge wa upinzani, alifika Lanet. Akasimama juu ya gari, gorogoro mkononi.

"Serikali inasema itaongezea benki ushuru," akasema. "Na nyinyi mnapiga makofi, ati matajiri walipe! Watu wangu, benki hailipi kitu. Benki inaongeza riba. Mwenye duka amekopa, na yeye anaongeza bei, ama anapunguza hii." Akauinua mkebe juu. "Sasa huo ushuru umelipwa na nani? Si ni yule anapika ugali?"

Watu wakashangilia. Jebet akakunja uso. Maneno yalikuwa matamu mno, na utamu wa namna hiyo alishauonja chaguzi tano. Akapenya mpaka mbele.

"Mheshimiwa, niko na swali. Tukikupea kura na huo ushuru utoke, benki itashusha riba? Wamekuandikia wapi?"

"Mama, hapo sasa ni mambo ya ushindani. Itashuka yenyewe."

"Kwa hivyo hawajaandika." Watu wakacheka. "Basi hebu nione hiyo gorogoro."

Mheshimiwa akampa huku akizitabasamia simu zilizokuwa zikimpiga picha. Jebet akaingiza mkono. Kitako kilikuwa kimevimba ndani kama mgongo wa kobe. Alifurahi, tena alifurahi sana, siwezi kumfichia.

"Imegongwa!" akapaza sauti. "Huyu anatuibia hata na mfano!"

Vicheko na miluzi vikapasuka. "Mwizi! Mwizi!" Mheshimiwa akainua mikono. "Si yangu, jameni! Vijana wameiomba hapo kwa kibanda!"

Jebet akaugeuza mkebe ili kila mtu akione kitako. Hapo ndipo alipoiona herufi J ya rangi nyekundu, imezama katikati ya bonde la nyundo. Alikuwa ameichora kwa mkono wake mwenyewe.

Akaifunika kwa kiganja upesi. Hakuna aliyekuwa ameiona. Angenyamaza tu, mheshimiwa angeondoka na wizi ule mpaka nyumbani kwake Milimani, na mwanasiasa akiitwa mwizi, nani atashangaa? Alitamani kunyamaza. Lakini hatua mbili mbele yake alisimama Kuluthum, jirani aliyenunua mahindi kwake tangu wanawe wakiwa wadogo. Mwezi uliopita Kuluthum alimwambia kwamba siku hizi mahindi hayafiki Ijumaa, naye Jebet akamjibu kwamba watoto wanakua, wanakula zaidi.

Akaondoa kiganja.

"Ni yangu," akasema.

Vicheko vikafa. Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kupata ulimi. "Mmeona?" akaita. "Si nimewaambia?" Jebet akapita katikati ya watu na mkebe wake kifuani, na watu wakampisha bila kumtazama.

Kibandani, Chemutai alikuwa ameshasikia. Hakukana.

"Barua ilikuja March, Mum. Riba imepanda. Ningetoa wapi? Ningekuambia ungeuza ng'ombe." Akaanza kulia. "Nilipunguza kidogo tu."

"Kidogo cha nani?" Jebet akamuuliza.

Aibu ilimchoma Jebet, na juu ya aibu kulikuwa na hasira nyingine: kwamba yule mtu wa juu ya gari, ambaye hangemwamini hata kumshikia kuku, alikuwa amesema kweli kuhusu mahali riba inapoishia. Mkono wake uliopapasa vitako vya Nakuru nzima haukuwa umewahi kuingia katika mkebe wa nyumbani.

Jumatatu asubuhi alikigonga kitako kikarudi chini, kwa nyundo ileile. Ng'ombe alikuwa ameshapata mnunuzi. Mteja wa kwanza akawa Kuluthum. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto. Kisha Kuluthum akaichukua gorogoro, akasita kidogo, akaingiza mkono hadi chini. Jebet akatazama barabarani, akamngoja amalize.