Niu Cuihuan na Nguzo za Hekalu

Niu Cuihuan alifiwa na mume akiwa na miaka ishirini na sita. Wakwe walipomtoa nyumbani, kijiji kikampa kazi isiyotakiwa na mtu: kulinda mtama ndani ya hekalu kuukuu la Mama wa Chemchemi. Sanamu zilikwisha kuondolewa, magunia yakakaa mahali pake. Alipewa na chumba cha pembeni chenye kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini. Usiku wa kwanza alilia kwa shukrani.

Alifagia, akafukuza panya, na mvua ikipita alipanda ngazi kurudisha vigae vilivyoteleza. Ndivyo alivyolijua paa lile: mbao zimeshikana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja, na nguzo zimeinama kidogo kwa ndani.

Mwaka mmoja kiongozi wa kijiji, Pang Shuanhu, akaja na msumeno. Trekta jipya la kuletea magunia halikuweza kupita kati ya nguzo za mbele.

"Mbili tu, Shemeji. Si zitabaki kumi?"

"Kata. Ila simama chini yake wewe, sisi tutazame."

"Siku hizi umekuwa mganga?"

"Uganga gani! Hizi zinabebana. Ukitoa moja, mtama utaufukua chini ya vigae. Trekta libaki nje, magunia nitabeba mimi."

"Kwa mgongo huo kama kijiti cha kulia tambi?"

Akabeba. Siku ya tatu wanawake wenzake wakaja kumsaidia, na Pang mwenyewe, kwa haya, akavua koti.

Cuihuan alikwisha kuota mvi wakati wapimaji wa majengo ya kale walipofika. Binti mmoja, Xi Ruolan, alipanda hadi boriti kuu, akapangusa vumbi, akakuta maandishi ya wino: mwaka wa ujenzi, zaidi ya miaka mia nane iliyopita, na majina ya waliochangia.

"Bibi, yupo mjane wa ukoo wa Fan. Alitoa msonobari wa uani kwake, ukawa nguzo."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Nguzo ipi?"

"Haikuandikwa. Lakini shukrani ni zako, Bibi. Bila wewe tungekuta kifusi."

"Zangu za nini, mwanangu? Mimi sikuwa na pa kulala."

Akashikwa mkono na Ruolan, akazizunguka nguzo zote kumi na mbili, akiinamia kila moja. Kisha akawapikia wageni tambi zenye siki tele, akawakataza katakata kuosha bakuli.