Sauti ya Chini Kabisa

Tangu asubuhi Solo hakutulia. Alikuwa kinyozi, na jina hilo la Solo lilimbakia kutoka enzi za bendi, alipokuwa akicharaza gitaa la solo hadi watu wanasahau vinywaji vyao mezani. Bendi ilivunjika, mkewe, muuguzi, akahamishiwa zamu ya usiku, na chumba chao kikawa cha kulala mchana. Gitaa likatundikwa ukutani miaka yote hiyo. Sasa vidole vilikuwa vikimwasha, na kilichomkosesha raha ni hofu moja tu, kwamba huenda vimeshasahau kazi.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vyombo vya muziki. Kila siku alikwenda kuchungulia amplifaya ndogo za mazoezi, akarudi bila uamuzi. Leo anaitaka nyekundu, kesho ile pana. Hata gitaa alishaanza kuja nalo kazini, kwa lolote liwalo. Siku hiyo alikuwa amefika nusu ya kichwa cha fundi bomba alipomwona mtu kwenye dirisha la duka akinyoosha kidole kuelekea ile nyekundu. Mashine ikazimwa. Akasema anakuja sasa hivi, akachomoka na gitaa lake.

Fundi bomba hakuwa mtu wa kuachwa kwenye mataa. Akamfuata na shuka la kinyozi shingoni, nusu kipara nusu msitu, wapita njia wakimpisha.

Yule wa dirishani kumbe aliulizia nyuzi tu. Lakini Solo alishafika, akachomeka gitaa kwenye ile nyekundu, akafungulia sauti na mwangwi. Duka zima likageuka, naye akavimba kichwa. Muuzaji alishaanza kutafuta boksi fundi bomba alipouliza kama na nyumbani atapiga hivyo, na shemeji kalala. Solo akanywea. Akapunguza sauti hadi chini kabisa, na ile nyekundu ikawa kama imefunikwa blanketi. Akajaribu nyingine, na nyingine. Ya mwisho ilikuwa kisanduku cheusi kisicho na mbwembwe, hata mwangwi hakina. Hicho, kwa sauti ya chini, kilitoa kila noti wazi, na kila kidole kilichokwama kikaanikwa hadharani. Vilikwama vingi. Solo aliona aibu kweli, akaitazama tena ile nyekundu inayompamba.

"Hiki kinakusema," fundi bomba akacheka. "Kichukue basi, nikamaliziwe kichwa."

Akakichukua shingo upande.

Kesho yake mchana alikaa mlangoni pa chumba, akaanza wimbo aliokuwa akimpigia mkewe wakati wa uchumba. Alipiga taratibu, akitupa jicho kitandani kila mara. Katikati kidole cha mwisho kikateleza. Akaacha, kiganja juu ya nyuzi, akiwaza kulirudisha gitaa ukutani.

"Hapo umekosea," mkewe akasema, macho kafumba. "Rudia."