Mfupa Wangu na Kishindo cha Ngoma

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaofunga njuga miguuni, nisikilizeni kidogo mimi Ambokile. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo maneno makubwa msingojee. Lakini mguu huu umenisomesha, na viboko vyake vilizidi vya mwalimu.

Kabla sijaumwa nilikuwa mrukaji wa mbele katika ngoma ya kwetu, huku milimani Rungwe. Sura sina, shamba la maana sina, ila nikiruka wasichana walisahau hayo yote kwa muda. Na sifa ya mrukaji kwetu ilikuwa kishindo. Kabla ya mashindano tunaumwagia uwanja maji, tunaushindilia kwa magogo mpaka unakuwa kama sakafu, ili mtu akitua asikike mpaka bondeni. Njuga tunafunga mguu wa kulia tu, na huohuo ndio unatua kwanza, kisigino mbele, goti limenyooka. Ukikunja goti wanakuzomea: "Tazama babu anatafuta kiti!"

Basi tulikuwa tunajiandaa kwenda kucheza Iringa, kwa Wahehe. Hapo ndipo muundi wangu wa kulia, huu mfupa wa mbele ya mguu, ulianza kuuma. Mwanzo uliuma nikiruka tu. Nikamwambia kapteni wetu, Asajile.

"Gwe, maumivu ya ngoma dawa yake ngoma," akasema. "Ruka, yatatoka yenyewe."

Nikaruka. Hayakutoka, yakaita na wenzake. Ikawa unauma nikitembea, halafu unauma hata nimelala. Pakaota kinundu kwenye mfupa, ukikigusa kwa kidole machozi yanatoka. Mama akanikanda kwa majani ya moto, nikapiga kelele kuku wakakimbilia migombani. Fundi wa kienyeji akanichanja chale, akapaka dawa nyeusi. Kidonda kikapona, mfupa ukakataa.

Siku moja mazoezini nikaruka juu sana, nikatua, nikasikia ka! ndani ya mguu. Nikaanguka kifudifudi. Watu wakapiga makofi, wakidhani nimeleta mtindo mpya.

Walinibeba kwa machela mpaka barabarani, tukapata lori hadi hospitali ya misheni. Daktari alikuwa Mzungu, Kiswahili chake cha polepole lakini kinaingia. Akapiga picha ya mfupa, akaniita.

"Ulianza na ufa mdogo," akasema. "Ungepumzika, ungejiziba. Wewe umeupiga kila siku mpaka umekatika."

"Nitacheza tena?"

"Kwanza utembee."

Jibu gani hilo! Nilikasirika nikakataa hata uji.

Wakanifunga plasta ngumu toka vidoleni mpaka juu ya goti, wakanirudisha nyumbani na magongo. Jamani, kuwashwa! Nilikuwa naingiza kijiti cha fagio ndani kujikuna, kikakatikia humohumo. Siku nyingine akaja Asajile na wachezaji wenzangu, akagonga plasta kwa ngumi: ko, ko, ko.

"Sikieni, ndugu zangu! Huu sio mguu, hii ni ngoma!"

Wakanipeleka uwanjani, manyunyu yanashuka kama kawaida yetu. Nikashikilia magongo, nikapiga ardhi kwa plasta. Kishindo kile, sijawahi kukitoa maishani! Watu walishangilia. Mvua nayo ikawa inanywesha plasta taratibu, ikalainika kama ugali wa jana, ikapasuka, na mfupa ukahama tena.

Nikarudishwa hospitali, daktari akabandua kipande cha plasta iliyolowa. Akauliza, "Huko kwenu wendawazimu mko wangapi?"

"Timu nzima, daktari."

Hakucheka. Akaunyoosha mfupa upya, nikamng'ata mkono muuguzi aliyenishika. Plasta ya pili ikakaa zaidi ya ile ya kwanza. Wenzangu wakapanda lori kwenda Iringa bila mimi. Nilisikia nyimbo zao zikipita barabarani, nikageukia ukutani.

Plasta ilipofunguliwa nikadhani wamenibadilishia mguu. Mwembamba kama kuni, ngozi inabanduka magamba, harufu ya maziwa yaliyosahaulika kibuyuni. Nikakanyaga nao, ukatetemeka.

Kisha yakaanza mazoezi ya daktari. Shika mlango, simama kwa vidole, shuka polepole. Simama kwa mguu mmoja. Baadaye sana akaniambia nipande benchi niruke chini.

"Vidole kwanza, kisigino baadaye, goti likunje. Na nisikusikie."

"Daktari, kwetu asiyesikika hajacheza!"

"Na asiye na mguu?"

Nikapanda tena benchi kwa hasira. Akanieleza kwamba goti na kifundo vimewekwa vipokee uzito. Ukivikaza, mzigo wote unabebwa na mfupa peke yake. Nilielewa, lakini kuelewa hakupunguzi uchungu. Ujana wangu wote nilijifunza kusikika, sasa nafundishwa kutua kama paka. Nyumbani mama akanitazama nikifanya mazoezi, akasema, "Mwanangu, unaruka kama mwizi wa ndizi."

Asajile alinikubali kwa shingo upande, akaniweka mwisho wa mstari. "Tunakuona, ila hatukusikii," akawa ananisema mbele za watu. Iliniuma, na mpaka leo mbele sijarudi. Safari iliyofuata ya Iringa nilipanda lori nao. Nikacheza toka asubuhi mpaka jua linazama. Mzee mmoja wa Kihehe akanishika bega, akanisalimu kwa kwao.

"Kamwene, kijana. Wewe unaruka kama huna mifupa."

"Ninayo, baba," nikamjibu. "Ndiyo maana naruka hivi."

Kesho yake, tulipofika kwetu, wenzangu walishuka kwenye lori wakichechemea. Mimi nikabonyeza muundi wangu kwa kidole gumba, kwa nguvu zote. Hakuna kitu. Nikalia pale barabarani kama mtoto, watu wakadhani nimeibiwa.

Ndaga fijo, yaani asante sana, Mungu wangu. Ndaga mama, ndaga daktari, na yule muuguzi anisamehe meno yangu. Ninyi mnaocheza, maumivu ya sehemu moja ya mfupa yasiyoisha sio uvivu, pumzikeni mkapimwe. Goti mkunje, wazomee wanaozomea. Na mwenye ugomvi na ardhi achukue jembe.