Kigoda cha Susu Kalunde

Nilipokuwa mtoto, kitu nilichokiogopa kuliko nyoka kwetu upande wa Mbumbuni kilikuwa kigoda. Kigoda cha miguu mitatu, cha mti mgumu, katikati kimelainika kwa kukaliwa miaka mingi. Kilikuwa cha mzee Mutiso, mume wa Susu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, alikiweka nyuma ya mlango na kukitoa tu palipokuwa na neno la kuamuliwa. Ukikikalia, unasema ukweli. Ukisema uongo, ulimi unakauka. Hivyo alituambia, na Susu Kalunde hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Siku moja sukari ilipungua mkebeni. Susu alipokishika tu kigoda, kabla hakijagusa sakafu, nilikuwa nimeshakiri. Nilikiri hata ya maziwa, ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Lazima nieleze nyumba yetu ilivyokuwa, maana wageni hukwama hapo. Susu hakujaliwa mtoto. Mutiso alikuwa na mke wa pili, ambaye alizaa mwana mmoja, Ndolo, kisha akafa mapema. Waswahili husema asiye na mwana aeleke jiwe. Susu alikataa kueleka jiwe. Baada ya mumewe kufa alipeleka mbuzi na pombe kwa watu wa upande wa Ikutha, akamwoa mama yangu, Mwikali. Kikamba humwita mke wa namna hiyo iweto: ameolewa na mwanamke, na watoto atakaozaa ni wa nyumba ile na wa jina la mzee Mutiso. Wazee walikula, wakabariki, wakaenda zao. Sisi watatu tulizaliwa humo. Mwanamume aliyetuzaa hakutajwa, na kusema kweli sikumkosa. Shuleni walinitania kwamba baba yangu anavaa leso. Nilipigana mara mbili, halafu nikachoka.

Nilikuwa na miaka tisa hivi walipokuja watu wa kupima mashamba. Karani aliweka daftari lake juu ya meza tuliyomtolea nje, akauliza nani anakaa hapa, na ana uhusiano gani na mwenye shamba. Susu alimwonyesha Mama.

"Huyu ni bibi yangu. Nilimuoa na mbuzi."

Karani alicheka, na si kwa ubaya, akamwita nyanya kwa Kikuyu. "Cucu, hiyo siwezi andika. Mwanamke haoi mwanamke."

"Wewe andika vile nimesema."

Akaandika, akampa Susu wino, Susu akaweka kidole gumba. Hakujua kusoma, na Mama hakujua. Mimi nilikuwa nimeanza kusoma, lakini nani angemwita mtoto wa kike kuchungulia daftari la serikali? Tulimpikia karani kuku. Nikimfikiria kuku yule hadi leo nasikia hasira.

Susu alifariki miaka miwili baadaye. Tulikuwa hata hatujamaliza matanga vizuri wakati Anko Ndolo alipokwenda kwa chifu kuomba barua ya kumtambulisha kuwa mrithi pekee. Chifu alituita sote. Pale ndipo tuliposomewa kilichoandikwa siku ile ya kuku. Mbele ya jina la Mama, penye uhusiano, karani alikuwa ameandika: mfanyakazi wa nyumbani.

Mama alisimama pale na mikono yake ya kulima. Miaka yote ile, na ndani ya daftari alikuwa kibarua. Mfanyakazi akifiwa na tajiri wake hufunga virago, na watoto wake humfuata. Hilo nililielewa bila kuelezwa.

Anko Ndolo alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti hata kwenye jua la Januari. Chifu alimpa Biblia. Aliishika bila kusita, akaapa kwamba Mwikali aliletwa kulima na kuchota maji, basi. Alisema kwa sauti nzuri, ileile ya kutoa matangazo ya Jumapili.

Mama hakubishana. Alinigeukia, akasema polepole, "Nduku, kimbia nyumbani. Leta kigoda."

Nilikimbia. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya mto mkavu, na mchanga ule wa saa sita uliniunguza nyayo. Nilikifunga kigoda kwa leso ili nisikiguse, nikakibeba kichwani huku nikikiomba msamaha, sijui wa nini. Niliporudi, watu wazima walinipisha njia. Sijawahi tena kupishwa njia namna ile, hata nilipofuzu.

Mama alikiweka mbele ya Anko Ndolo. "Baba Mwende," akamwita kwa jina la mwanawe, "keti hapo. Sema tena."

Anko alikitazama. "Mimi nimeokoka. Siwezi kukalia vitu vya giza."

"Ni kiti tu, mzee," chifu akasema, na watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu Anko hakuketi. Alisimama na suti yake, jasho likimtoka, mpaka chifu akalifunga daftari na kusema ile barua ingoje. Basi ikangoja. Tuliendelea kulima shamba letu, na mbaazi za mwaka ule zilizaa sana.

Mwaka uliofuata Anko Ndolo alianguka bafuni. Alipoamka upande mmoja umelala, na ulimi hautoi neno. Mbumbuni nzima ilijua sababu. Walibishana tu kama ni kwa kuwa alikuwa ameshadanganya kabla kigoda hakijafika, au ni kwa kukataa kuketi. Mimi nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilifurahi kabisa, mpaka siku Mama aliponichukua twende tukampelekee uji. Alimlisha kwa kijiko na kumpangusa kidevu, naye Anko alimtazama kwa jicho moja linalotiririka machozi. Nilimuuliza Mama njiani kwa nini. Akaniambia, "Ni ndugu ya nyumba. Mfanyakazi hangeenda."

Sasa mimi ni nesi. Nimewaona wengi wa aina ya Anko Ndolo, na najua ilikuwa presha. Wagonjwa wakiniambia habari za laana huwa nawapimia presha na kunyamaza. Lakini pia najua kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna karatasi iliyotulinda, ila hofu ya kigoda, na waliokiogopa wamekwisha kufa mmoja baada ya mwingine. Watoto wa marehemu Anko wamefungua kesi ya urithi. Wamekuja na nakala ya daftari lile. Wakili anasema mahakama zimewahi kutambua ndoa kama ya Mama, ila tulete mashahidi waliokula mbuzi. Wote wako makaburini. Nimehesabu safari za miji ya Wote na Machakos mpaka nimeacha kuhesabu, na kila dirisha naulizwa upya huyu mama ni nani.

Juzi kijana anayetuchapia makaratasi alinihurumia. "Sista, andika tu mama yako ni mtoto wa marehemu. Mtoto anarithi, kesi inaisha. Nani atajua?"

Nilirudi nyumbani na fomu. Nilikuwa nimechoka, na neno lenyewe ni fupi. Nilimweleza Mama. Aliinuka na magoti yake mabovu, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na kigoda, akakiweka kando ya meza.

"Keti hapo uandike."

"Mama, Anko aliuawa na presha."

"Najua. Keti basi."

Nilisimama. Mimi, mwenye cheti cha uuguzi ukutani, nilisimama kama Anko Ndolo alivyosimama kwa chifu, na nikamwelewa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nikidhani aliogopa ulimi wake. Labda aliogopa kama nilivyoogopa mimi, kuisema nyumba ya Mama uongo juu ya kiti pekee ambapo neno la mtu liliaminiwa bila karatasi.

Nilipokataa kuketi, Mama aliketi yeye. Alijishusha taratibu, akatandaza leso magotini, akaningoja. Nikainama juu ya meza, nikamsomea maswali moja moja kama karani.

"Jina?"

"Mwikali."

"Uhusiano na marehemu?"

"Mke."

Nikaandika. Kesi imeahirishwa tena, mpaka mwezi wa tatu.