Nimpe Shemeji Simu Atembee Yeye?

Habari, admin. Jina langu lifiche, maana ndugu wa mume wangu wote wako humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, kwetu Bashay, nimeolewa hapa Katesh. Nina hasira, na sitaki kudanganya kwamba imeisha.

Mwaka juzi walikuja wataalamu kupima ni watu wangapi wanaweza kufika kwa miguu, ndani ya nusu saa, pale palipopendekezwa kujengwa kliniki ya kujifungulia. Unatembea na simu yao, yenyewe inarekodi. Pale pana fremu za maduka za shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta watembeaji. Upande wetu wa korongo alinichagua mimi, nikiwa na mimba changa. Ilikuwa kiangazi, korongo kavu, lakini nikazunguka darajani kama tunavyofanya wote masika, nikachelewa. Shemeji akaninyang'anya simu mbele za watu, akacheka kwamba natembea kama bibi harusi. Akampa mchungaji wake kutoka kule uwandani, mtu anayeshinda na ng'ombe tangu alfajiri. Yule akakata korongoni moja kwa moja, akafika bila hata jasho. Basi upande wetu wote tukahesabiwa kuwa tunafika.

Kliniki ikajengwa palepale. Masika uchungu ukanishika, korongo limejaa, bodaboda zimekwama kwenye tope. Nikazunguka kwa miguu na mama mkwe. Nilijifungulia njiani, kabla ya daraja, na mwanangu hakulia.

Shemeji alikuja msibani. Hata katika hali ile nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akakaa, akasema, "Pole shemeji. Ungewahi tu kutoka. Pale si hapo tu?"

Hiyo "hapo tu" yake nimelala nayo mpaka leo.

Sasa wataalamu wengine wamekuja kupima upya. Wakikuta hatufiki, huduma ya kujifungua itahamia upande wetu. Safari hii wanataka mtu anayetembea kwa shida, na simu wameniachia mimi nimchague. Shemeji alianguka na pikipiki, nyonga ikavunjika, anatembelea fimbo, na anaishi upande wetu. Amri ya wataalamu hataikataa, anapenda sana kuonekana. Nataka atoke mlangoni kwangu na mvua hii, azunguke darajani, apite mbele ya wapangaji wake akihema. Nitakuwa nyuma yake, na akiteleza sitamshika mkono.

Mama mkwe amenisoma. Jana tukichambua maharage aliniambia taratibu, "Nipe mimi hiyo simu, mwanangu. Magoti yangu unayajua. Watapata jibu lile lile." Halafu akaongeza kwamba shemeji naye amemzaa yeye.

Najua anasema kweli. Akitembea yeye kliniki itahama vilevile, na wake zenu hawatajifungulia kwenye tope. Lakini mama huyu ndiye aliyempokea mwanangu kwa khanga yake pale njiani. Nimrudishe kwenye njia ile ile, ili mwanawe abaki amekaa barazani? Na mimi sitafuti jibu tu, nataka shemeji aijue ile njia kwa miguu yake.

Wanakuja kesho asubuhi, simu iko mfukoni kwangu. Msinihubirie kusamehe, hilo nimeshalisikia kanisani. Niambieni tu, hii simu nimpe nani?