Mvua Niliyoishona kwa Vifungo

Nimechoka kusikia mkasa huu ukisimuliwa na watu ambao hawakuwepo (hapa kambini Dzaleka, Malawi, kuna anayeapa kwamba nililipua mashine ya wazungu, wakati hakukuwa na mzungu hata mmoja), kwa hiyo leo nausimulia mwenyewe, niaibike mara moja iishe, halafu niachwe nishone.

Ulianza na Espoir, mtu wa Bukavu kama mimi, jirani yangu aliyepata kazi Lilongwe kwenye maabara inayochunguza matope ya ziwani. Aliniletea kazi ya kushona mfuko mmoja wa majaribio, wenye vijifuko vilivyopangwa safu, kila kijifuko kibebe kisanduku kidogo cha plastiki chenye tope, na mfuko huo ukikubalika nitashona mifuko yote itakayotumika mwaka mzima. Jamani, mwaka mzima! Mimi ninayekunja suruali za watu sokoni, juani, nikigombana na uzi unaokatika kila saa, niliona nimeshapumzika.

"Mama Furaha, ikuwe tu nguvu, na ifunge muzuri," aliniambia.

Ni hayo tu. Ningeweka kamba, yangeisha. Lakini mimi ni mtu wa urembo (ndio ugonjwa wangu), nikakumbuka vile vifungo vya sumaku vya mikoba ya akina mama, vinavyojifunga vyenyewe, tak, nilivyokuwa nimebakiza. Nikavificha ndani ya kitambaa. Havikutosha, basi nikaweka kijifuko kimoja sumaku, kinachofuata kifungo cha plastiki, sumaku, plastiki, hivyo hivyo mpaka mwisho, na kwa nje vyote vikafanana.

Mfuko ukasifiwa, ukaenda ziwani, ukarudi na matope, nami nikaalikwa Lilongwe siku ambayo Daktari Chisomo, mama anayeongoza kazi hiyo, angewaonyesha wageni alichokipata. Nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikavaa kitenge changu cha Pasaka, na (hapa nilijiongezea balaa) nikaenda na Mama Neema, mwenzangu wa kwaya, ambaye hajui kusema polepole.

Daktari akaeleza, Espoir akitutafsiria kwa kunong'ona. Kumbe tope la ziwa hujipanga tabaka juu ya tabaka, la zamani likiwa chini, na mvua kubwa ikinyesha huosha udongo wa milimani wenye chembe za chuma ukaingia ziwani, kwa hiyo wakipima nguvu ya sumaku kwenye tope wanajua zamani mvua ilinyesha vipi, na hata udongo ulitoka mlima upi. Niliposikia neno sumaku nikavikumbuka vifungo vyangu. Kisha ukutani ukatokea mstari unaopanda, unashuka, unapanda, unashuka. Daktari akasema ni ajabu, mvua kubwa, ukame, mvua kubwa, ukame, kwa zamu, hajawahi kuona ziwa lenye nidhamu namna hiyo. Wageni wakaandika.

Mimi nilikuwa natazama mshono wangu mwenyewe pale ukutani, sumaku, plastiki, sumaku, plastiki. Nilitakiwa niseme, na nikisema kazi yangu ya mwaka imekwenda. Nikainamisha kichwa nikisitasita, Mama Neema akadhani naona haya kusifiwa.

"Simama we! Bantu bakuone!" Akaunyakua mfuko mezani, akauinua juu. "Njo huyu alishonaka! Muangalie, inafungaka yenyewe!"

Tak. Tak. Tak. Akaukandamiza kifuani pangu tupigwe picha, na alipouvuta ulitoka na pini zangu (fundi hutembea na pini kifuani hata kanisani), zikaning'inia kwenye vijifuko, mbele ya watu wote.

Daktari akazitazama pini. Akautazama mstari ukutani. Kisha akakaa chini taratibu.

"Ni sumaku?" aliniuliza kupitia kwa Espoir.

"Ndiyo, Daktari. Kijifuko kimoja ndiyo, kinachofuata hapana."

Espoir alitafsiri huku akiangalia sakafu. Mtu mmoja nyuma akacheka, kikafuata kicheko cha pili, halafu ukumbi mzima, na Mama Neema akanigeukia akiuliza, "Banacheka nini?" huku naye anacheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema nusu ya tope bado imo kwenye mabomba yaliyolichota ziwani, haijaguswa, watapima upya. Akaniambia zikomo, yaani asante, nami nikaitika, lakini mifuko ya mwaka ilipewa fundi mmoja wa Chinsapo, hukohuko Lilongwe, anayefunga kwa kamba.

Sasa nimerudi kwenye suruali zangu na naitwa Mama Sumaku. Mteja akileta kitambaa simpimi kabla hajaniambia nguo inakwenda wapi na itabeba nini, hata ikiwa gauni la kulalia, nao wananiona nimechanganyikiwa. Urembo usioombwa sitauweka tena maisha yangu yote. Nililinyeshea ziwa zima mvua kubwa, na kwangu halikudondoka hata tone.