Kuku Niliyembeba Kichwa Juu

Miaka ya tisini ilinikuta Oyugis, mwalimu mgeni, ndoa changa, na mdomo ulionitangulia kila mahali. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Migori kunitembelea mara ya kwanza, na kila mtu anajua mkwe hapikiwi sukuma. Nikaenda sokoni kutafuta kuku.

Niliwakuta wamening'inizwa kwenye baiskeli, kichwa chini, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Nikachemka. "Hata kama ataliwa, lazima ateswe?" nikamfokea muuzaji, mama mmoja aliyekuwa akitafuna muwa. Akanitazama juu hadi chini. "Haya basi, mwalimu. Wako mbebe kama mtoto."

Nikambeba kweli! Nikamfunga kwa leso kifuani, kichwa kikichungulia. Njia nzima watu walinipongeza. "Mwalimu amejifungua!" "Amefanana na babake!" Nikajifanya kiziwi, lakini jamani, nilikasirika. Kuku naye alinitazama tu kwa jicho moja, kisha akageuza la pili. Tulipofika nyumbani tulikuwa tumeshazoeana.

Kesho yake mchana mama mkwe aliingia jikoni akakuta maji yanachemka, kisu kimenolewa, na mimi nimeketi nalia, kuku mapajani. Nilikuwa nimeshindwa. Aibu niliyoiona siku hiyo! Kumnyima mkwe kuku, tena ziara ya kwanza? Ukoo mzima ungepata habari kabla jua halijatua.

"Ulimletaje nyumbani?" akaniuliza.

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashikilia mlango. "Yawa! Mwanangu, unadhani tunawabeba kichwa chini kwa sababu tuna roho mbaya? Ukimbeba hivyo, hamtazamani."

Tukala ugali kwa sukuma, na siri hiyo hakumwambia mtu, hata mwanawe. Alipoondoka aliomba aende na yule kuku. Akampakata kama mjukuu, kichwa juu, na watu wa njiani wakampongeza yeye pia.

Wiki hiyo nilijiona mtu mwenye huruma kuliko Oyugis yote. Jumamosi nikapita bucha kununua nusu kilo ya ng'ombe. Mwenye bucha, mtu wa maneno mengi, akaanza kunisimulia ng'ombe huyo alivyoswagwa kwa miguu kutoka mbali. Nikamwambia anifungie upesi kwenye gazeti, nina haraka.